Rangi ya mkojo na siri za figo: Somo kutoka Mbinga hadi fukwe za Ziwa Nyasa

MTU mzima mwenye afya huenda haja ndogo mara kadhaa kwa siku, na aghalabu huondoka chooni bila kutupa jicho nyuma. Desturi na haya vimelifanya jambo hilo kuwa la faragha, lisilozungumzwa mezani wala barazani. Hata hivyo, kwa daktari, kikombe kidogo cha mkojo ni miongoni mwa vipimo vya kale zaidi duniani, na hadi leo ni miongoni mwa vile vya bei nafuu vinavyoweza kuokoa maisha.

Umuhimu wa kutupa jicho hilo unaonekana vyema mkoani Ruvuma, kwa msafiri anayeondoka Mbinga mjini, katika baridi ya milima ya Umatengo, na kuteremka kilomita zipatazo 66 hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Katika safari moja isiyomaliza nusu siku, mwili hutoka katika baridi inayomsahaulisha mtu kunywa maji, ukaingia katika joto la ufukwe ulioko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, ambako jasho hutoka kabla ya kazi kuanza. Hapo ufukweni yapo pia maji mengi ya kuogelea, na katika maji ya ziwa hilo kuna vimelea vya kichocho vinavyoweza kuugeuza mkojo kuwa mwekundu.

Mkojo basi hujibu maswali mawili. La kwanza ni iwapo mwili una maji ya kutosha. La pili ni iwapo figo, kibofu na mirija yake viko salama. Rangi hujibu swali la kwanza vizuri kiasi, lakini swali la pili hulijibu nusu tu. Wengi hukosea kwa kuyachanganya maswali hayo, wakadhani kwamba kwa kuwa mkojo ni mweupe, basi figo ni nzima.

Kazi ya figo

Binadamu huzaliwa na figo mbili, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenyewe. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo vinavyokadiriwa kufikia milioni moja. Kwa siku, vichujio hivyo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Lau yote yangetoka nje, mtu angekauka kabla ya saa sita mchana. Kinachotoka kama mkojo, hata hivyo, ni lita moja hadi mbili tu. Zaidi ya asilimia 99 ya majimaji hayo hurudishwa mwilini pamoja na chumvi na sukari inayohitajika.

Wakulima wa Umatengo wanaweza kuuelewa utaratibu huo kwa kuyatazama mashamba yao. Kwa vizazi vingi wamelima kwa ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa kwenye miteremko ambayo hupokea maji ya mvua, huyazuia yasiporomoke na udongo, kisha huyaachia ardhi taratibu. Figo nayo hupokea mafuriko, huzuia kilicho na thamani na kuachia kidogo kinachopaswa kwenda. Shimo la ngoro likibomoka, udongo huonekana kwenye maji ya bondeni. Vivyo hivyo, chujio la figo likibomoka, protini au damu huingia kwenye mkojo.

Kiu na rangi yake

Rangi ya njano ya mkojo inatokana na kemikali iitwayo urobilini. Seli nyekundu za damu zilizozeeka huvunjwavunjwa mwilini na kuacha mabaki yaitwayo bilirubini. Mabaki hayo hufika kwenye utumbo, ambako bakteria huyabadili, na sehemu yake hurejea kwenye damu na kutolewa na figo. Ingawa urobilini imejulikana kwa zaidi ya miaka 100, kimeng'enya cha bakteria kinachofanya mabadiliko hayo kilitambuliwa na watafiti wa Marekani katika utafiti uliochapishwa Januari 2024.

Kiasi cha urobilini kwa siku hakipishani sana. Kinachobadilika ni maji ya kuizimua. Mwili unapopungukiwa maji, ubongo huachia homoni inayoziamuru figo kubana matumizi. Mkojo huwa mchache, mzito, wa njano iliyoiva na wenye harufu kali. Mtu akinywa maji ya kutosha, amri hiyo hulegezwa, mkojo huwa mwingi na wa njano hafifu.

Katika miaka ya 1990, mtafiti wa Marekani Lawrence Armstrong na wenzake walitengeneza chati yenye rangi nane, kuanzia njano iliyofifia hadi kahawia inayokaribia kijani, ambayo hadi leo hutumiwa na wanamichezo kupima hali ya maji mwilini. Kwa mtu wa kawaida, njano hafifu ni dalili njema. Njano iliyokolea ni ukumbusho wa kunywa maji. Na rangi ya kahawia kama chai ya rangi ni onyo.

Hata hivyo, chati hiyo ina masharti. Mkojo wa kwanza wa asubuhi huwa umekolea kwa kila mtu, kwa sababu usiku mzima umepita bila kunywa. Vidonge vya vitamini, hasa vyenye vitamini B2, huufanya mkojo kuwa wa njano inayong'aa hata kama mtu amekunywa maji tele. Isitoshe, maji ya chooni huupunguza ukolezi wa rangi, hivyo anayetaka kuiona vyema anapaswa kuutazama mkojo kwenye chombo safi na cheupe, penye mwanga wa mchana.

Baridi ya milimani, joto la ziwani

Wengi huamini kwamba upungufu wa maji ni tatizo la nchi za joto tu. Baridi nayo ina hila yake. Katika baridi, mishipa midogo ya damu kwenye ngozi husinyaa ili kuhifadhi joto, damu nyingi hurudi katikati ya mwili, na figo huitikia kwa kutoa mkojo zaidi. Wakati huohuo hisia ya kiu hupungua. Mkulima wa Mbinga anayechuma kahawa katika miezi ya baridi ya katikati ya mwaka anaweza kutembea mlimani tangu asubuhi hadi jioni akiwa amekunywa kikombe kimoja tu cha chai, asihisi kiu, huku mkojo wake ukikolea saa hadi saa.

Kwa watu wa eneo hilo, swali la iwapo kahawa yenyewe hukausha mwili si dogo. Kafeini huongeza mkojo kwa kiasi kidogo, hasa kwa asiyeizoea, lakini maji yaliyomo kwenye kikombe cha kahawa huzidi yale yanayopotea. Kwa hiyo kahawa na chai huhesabika kama vinywaji vya siku. Pombe ni kinyume chake: huizuia homoni inayobana maji, na ndiyo maana anayekesha baa huamka na mdomo mkavu na mkojo uliokolea.

Ufukweni hali ni nyingine. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wakiwa na taa na kurejea alfajiri, kisha kazi ya kuanika huendelea juani. Mtu anayefanya kazi nzito kwenye joto anaweza kupoteza kupitia jasho zaidi ya nusu lita kwa saa, na wakati mwingine zaidi ya lita moja. Kwa kundi hili, kusubiri kiu ni kuchelewa. Madereva wa malori yanayosomba makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, nao wako katika hatari ya aina yake: wengi wa kazi hiyo hujinyima maji kwa makusudi ili wasisimame njiani. Kujinyima huko, pamoja na kuuzuia mkojo kwa saa nyingi, huongeza uwezekano wa vijiwe kwenye figo na maambukizi ya kibofu.

Kuhusu kiasi cha kunywa, hakuna namba moja inayomfaa kila mtu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2010 lita 2.5 kwa siku kwa mwanamume na lita 2 kwa mwanamke, yakiwemo maji yaliyomo kwenye chakula, katika hali ya hewa ya wastani na kazi za wastani. Anayefanya kazi juani huhitaji zaidi. Kwa upande mwingine, mgonjwa wa moyo au wa figo aliyeambiwa na daktari apunguze maji hapaswi kufuata ushauri wa jumla wa kunywa maji mengi. Kunywa kupita kiasi kwa muda mfupi nako kuna hatari, kwani huzimua chumvi ya damu na huweza kuuathiri ubongo.

Kwa watoto, mkojo ni kipimo muhimu zaidi kuliko maneno, kwa kuwa mtoto mchanga hawezi kusema ana kiu. Mtoto anayeharisha au kutapika, ambaye nepi yake imebaki kavu kwa saa sita au zaidi, ambaye macho yamebonyea na analia bila machozi, anahitaji maji yenye chumvi maalumu, yaani ORS, na kufikishwa kituo cha afya bila kuchelewa. Upungufu mkubwa wa maji hupunguza damu inayofika kwenye figo, na figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Habari njema ni kwamba figo zilizosimama kwa sababu hiyo mara nyingi hurejea kazini iwapo maji yatarudishwa mapema.

Rangi zisizotokana na kiu

Mabadiliko mengine ya rangi hayahusiani na kiu kabisa, na yapo yasiyo na madhara. Bitiruti huweza kuufanya mkojo kuwa wa waridi. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huufanya kuwa wa chungwa au mwekundu, jambo ambalo mgonjwa anapaswa kuelezwa mapema asije akaacha dozi kwa hofu. Metronidazo, dawa inayotumika sana kwa magonjwa ya tumbo, huweza kuukoza hadi kahawia.

Rangi nyingine ni za hatari. Mkojo wa kahawia unaoambatana na macho ya manjano na choo kilichopauka huashiria ugonjwa wa ini au kuziba kwa mrija wa nyongo. Mkojo mweusi kama kola huweza kutokana na kuvunjika kwa wingi kwa seli nyekundu za damu, kama inavyotokea katika malaria kali, au kuvunjika kwa misuli baada ya ajali au mazoezi ya kupindukia. Katika enzi za ukoloni, hali hiyo ya malaria iliitwa homa ya mkojo mweusi na iliwaua wamisionari na maofisa wengi barani Afrika. Mwanasayansi Robert Koch, aliyefanya utafiti katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia mwaka 1897, aliihusisha na matumizi ya kwinini. Leo inajulikana kwamba malaria yenyewe, dawa fulani na maumbile ya damu ya mtu vyote vinaweza kuchangia. Mkojo mweusi ni dharura, kwa kuwa mabaki ya seli zilizovunjika huweza kuziharibu figo.

Damu kwenye mkojo na kichocho cha Ziwa Nyasa

Rangi inayohitaji uangalifu wa pekee kando ya ziwa ni nyekundu. Damu kwenye mkojo inaweza kutokana na vijiwe, maambukizi, majeraha, ugonjwa wa vichujio vya figo au saratani. Katika maeneo ya maji baridi ya Afrika, sababu mojawapo kubwa ni kichocho cha kibofu, ugonjwa ambao kimelea chake kiligunduliwa na daktari Mjerumani Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851.

Mzunguko wake huanza na mkojo wenyewe. Mgonjwa anapokojoa ndani ya maji au kando yake, mayai ya minyoo huanguliwa na vimelea huingia ndani ya konokono wa majini. Baada ya wiki kadhaa, konokono huachia maelfu ya vimelea vipya vinavyoogelea vikitafuta ngozi ya binadamu. Vikishapenya, huingia kwenye damu, hukomaa na kuwa minyoo, na kuweka makazi katika mishipa inayozunguka kibofu. Minyoo hiyo huishi miaka mitatu hadi mitano kwa wastani, na mingine zaidi ya hapo, ikitaga mayai kila siku.

Mayai yenye ncha kali hutoboa ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo. Hapo ndipo damu huonekana, mara nyingi mwishoni mwa haja. Mayai yasiyotoka hubaki ndani na kusababisha makovu. Kadiri miaka inavyopita, makovu hayo huweza kuibana mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo. Mkojo ukikosa njia hurudi nyuma, figo huvimba na hatimaye huharibika. Njia hiyo ndefu, kutoka mchezo wa mtoto majini hadi figo iliyokufa ya mtu mzima, ndiyo inayokifanya kichocho kuwa suala la figo na si la kibofu pekee. Aidha, mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikiorodhesha kimelea hicho miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa vya saratani, hasa ya kibofu. Kwa wanawake, mayai huweza kujeruhi shingo ya kizazi na uke, na dalili zake mara nyingi hudhaniwa kuwa ni magonjwa ya zinaa.

Katika jamii kadhaa za Afrika, damu kwenye mkojo wa mvulana imewahi kuchukuliwa kuwa ishara ya kubalehe, jambo la kawaida kwa kila kijana wa kando ya maji. Pale ambapo watoto wote wana dalili moja, dalili hiyo huacha kuonekana kuwa ugonjwa.

Samaki, konokono na kokoro

Kwa miaka mingi Ziwa Nyasa lilisifiwa kwa watalii kuwa fukwe zake za wazi hazina kichocho. Sifa hiyo ilivunjika mwaka 1992, baada ya vijana wawili Wamarekani waliokuwa wakijitolea nchini Malawi kuugua kichocho kilichofika kwenye mfumo wa fahamu. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya wageni wakazi waliopimwa nchini humo walikuwa na dalili za maambukizi kwenye damu, na kuogelea Cape Maclear, kusini mwa ziwa hilo, kulihusishwa sana na maambukizi hayo.

Watafiti waliofuatilia walimbaini konokono anayeishi kwenye mchanga wa fukwe za wazi kuwa mbebaji wa kimelea, ilhali awali lawama zilielekezwa kwa konokono wa vidimbwi na mito pekee. Walieleza pia kwamba samaki wanaokula konokono walikuwa wamepungua karibu na ufukwe kutokana na uvuvi uliokithiri, na konokono wakapata nafasi ya kuzaana. Kwa maneno mengine, nyavu zinazokokotwa hadi ufukweni, zile ambazo wavuvi huziita kokoro, huondoa kitoweo cha leo na pia mlinzi wa kibofu cha mtoto wa kesho.

Utafiti huo ulifanyika upande wa Malawi, na wingi wa konokono na vimelea hutofautiana kati ya ufukwe mmoja na mwingine. Lakini ziwa ni moja. Kwa mkazi wa Lituhi, Liuli au Mbamba Bay, na kwa mgeni kutoka mjini anayekwenda kupumzika huko, yaliyotokea Cape Maclear si habari ya kusikia na kupuuza.

Tiba ipo. Prazikwanteli, dawa inayotolewa kwa uzito wa mgonjwa, kwa kawaida miligramu 40 kwa kilo moja, huua minyoo iliyokomaa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba katika jamii zenye maambukizi mengi dawa hiyo itolewe kwa watu wote kuanzia umri wa miaka miwili, wakiwemo watu wazima na wajawazito baada ya miezi mitatu ya kwanza, badala ya wanafunzi pekee. Hata hivyo, dawa hiyo haiui vyema minyoo michanga wala haimkingi mtu asiambukizwe tena. Anayetibiwa Jumatatu akarudi kuoga kwenye maji yaleyale Jumanne, anaweza kuanza safari upya. Ndiyo maana choo bora na maji ya bomba ni sehemu ya tiba.

Muda wa kupima nao una maana. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hivyo mkojo unaotolewa wakati huo, hasa matone ya mwisho, ndio unaofaa kwa darubini. Mgeni aliyeogelea ziwani hapaswi kupima siku inayofuata, kwani minyoo huhitaji wiki kadhaa kukomaa. Kipimo cha baada ya miezi miwili hadi mitatu ndicho chenye maana.

Povu na sukari

Mkojo unaotoka kwa kasi huweza kufanya mapovu yanayopotea mara moja. Povu linalobaki, mithili ya la sabuni, na kujirudia siku baada ya siku, huashiria kwamba protini inavuja kupitia vichujio. Mwaka 1827, daktari Mwingereza Richard Bright alieleza jinsi mkojo wa wagonjwa waliovimba mwili ulivyoganda kama ute wa yai ulipochemshwa kwenye kijiko juu ya mshumaa. Kijiko hicho leo kimerithiwa na ukanda mdogo wa karatasi unaochovywa kwenye mkojo na kubadilika rangi ndani ya dakika mbili.

Ukanda huo ndio unaotumika katika kliniki za wajawazito. Protini kwenye mkojo baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, pamoja na shinikizo la damu lililopanda, huashiria hatari ya kifafa cha mimba. Mjamzito anayeombwa mkojo kliniki hasumbuliwi bure. Kipimo hicho kinaweza kumwokoa yeye na mwanawe.

Sukari nayo husoma kwenye ukanda huo. Wazee waliwahi kuona sisimizi wakikusanyika mahali alipokojoa mtu na wakajua kuna jambo. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hukojoa sana, huamka usiku mara nyingi na hukumbwa na kiu isiyoisha. Mkojo wake huweza kuwa mweupe kama maji, na hapo ndipo chati ya rangi humdanganya: anadhani ana maji ya kutosha, kumbe mwili unakauka.

'UTI' ya kila wiki

Mijini, neno UTI limekuwa jina la kila maumivu ya kiuno na kila homa isiyo na maelezo. Maambukizi ya njia ya mkojo ni ya kweli na huwapata zaidi wanawake, kwa kuwa mrija wao wa kutolea mkojo una urefu wa takriban sentimita nne tu. Dalili zake ni kuungua wakati wa kukojoa, kwenda haja mara kwa mara na mkojo wenye ukungu au harufu mbaya. Homa kali, kutetemeka na maumivu ya mgongo chini ya mbavu huonyesha kwamba maambukizi yamepanda hadi kwenye figo.

Tatizo ni kununua dawa za kuua bakteria dukani bila kipimo, kumeza siku mbili na kuacha. Bakteria hujifunza kustahimili, na ugonjwa unaporudi dawa ile haifanyi kazi. Anayeugua mara kwa mara anahitaji mkojo wake uoteshwe maabara ili ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inamweza. Mkojo wa kupimwa hutakiwa kuwa wa katikati: wa kwanza umwagwe, unaofuata ukingwe kwenye chombo safi.

Figo huugua kimya

Pamoja na yote hayo, ukweli mmoja hauna budi kurudiwa: figo huweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake bila mkojo kubadilika rangi wala mtu kuhisi maumivu. Shinikizo la damu na kisukari, visababishi vikuu vya ugonjwa sugu wa figo duniani, hufanya kazi kimya. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 7 ya watu wazima waliopimwa walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Mjini ilikuwa asilimia 15.2, na vijijini asilimia 2. Tofauti hiyo inapaswa kumfikirisha msomaji wa mjini anayedhani magonjwa ni ya kijijini.

Vipo pia vinavyojeruhi figo kwa mkono wa mtu mwenyewe. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa kila siku, hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Zikimezwa na mtu aliyepungukiwa maji, madhara huongezeka. Baadhi ya dawa za mitishamba zisizojulikana kipimo wala viambato vyake nazo zina hatari hiyo.

Figo zikishashindwa kabisa, gharama hubadilika. Usafishaji damu kwa mashine huhitaji kwa kawaida vipindi vitatu kwa wiki, kila kimoja takriban saa nne, maisha yote au hadi figo mpya ipatikane. Tanzania imepiga hatua: Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018. Lakini kutoka Mbinga hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na hakuna mkulima anayeweza kuiacha kahawa yake mara tatu kwa wiki. Ukanda wa karatasi katika zahanati ya jirani ni wa bei ndogo sana ukilinganishwa na safari hiyo.

Wakati wa kumwona daktari

Mkojo uliokolea unaorudi kuwa wa njano hafifu baada ya kunywa maji hauhitaji daktari. Unaobaki wa kahawia licha ya maji unamhitaji. Damu, hata ikionekana mara moja tu na bila maumivu, haipaswi kusubiriwa irudi, kwani saratani ya kibofu huweza kuanza hivyo. Povu lisiloisha, uvimbe wa uso asubuhi au wa miguu jioni, kuamka usiku mara nyingi kuliko kawaida, na mkojo kupungua ghafla ni dalili za kuchukuliwa hatua. Mtu mzima anayetoa chini ya mililita 400 kwa siku nzima, ambazo ni pungufu ya chupa ndogo ya maji, yuko hatarini, na anayekosa mkojo kabisa ni mgonjwa wa dharura.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari, au ndugu aliyeugua figo hapaswi kungoja dalili. Kila mwaka anahitaji vipimo vitatu: shinikizo la damu, protini kwenye mkojo na kiwango cha kreatinini kwenye damu. Aliyekulia kando ya ziwa, akaoga na kucheza humo utotoni, ana sababu ya nne: kuomba apimwe kichocho, hata kama leo anaishi ghorofani mjini na maji ya ziwa ameyaacha miaka mingi iliyopita.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa figo, ufa huonekana kwanza kwenye kikombe cha mkojo, na ukuta wake hujengwa kwa mashine, kwa safari ndefu na kwa fedha ambazo familia nyingi hazina.